Aprili ipi itangulie? Matukio ya mwanzo wa msimu wa besiboli, mizani kwa mizani

"Mjomba, shikamoo. Kazini huku tangu juzi ni besiboli tu, hata bosi. Nina jioni moja ya kujifunza nisionekane mshamba. Nianzie wapi?"

Ujumbe huo niliupata mwishoni mwa Machi kutoka kwa mpwa wangu anayeishi Minneapolis. Nikamjibu marahaba, kisha nikanyamaza siku mbili. Rahisi ingekuwa kumwambia atafute fainali yoyote ya Oktoba. Lakini fainali ni fainali, hata asiyejua mchezo ataona watu wanalia. Yeye aliuliza msimu unapofunguliwa, na besiboli ina hazina yake ya mambo yaliyotokea Aprili, wakati mashabiki bado wamevaa makoti.

Kukumbukwa kwa Aprili si jambo dogo. Kwenye Ligi Kuu ya Tanzania Bara timu inacheza mechi 30, na ukipoteza tatu za mwanzo watu wanaanza kumnyooshea kocha kidole. Kule Marekani kila timu inacheza mechi 162 (zamani zilikuwa 154), karibu kila siku, hadi mwisho wa Septemba. Mechi moja ya Aprili ni tone tu. Likikumbukwa miaka 50 au 80 baadaye, uliza kwa nini, na ndivyo nilivyoyapima haya ninayoyaweka hapa mawili mawili.

Maneno machache kwa aliyekulia kwenye soka. Mrushaji anamrushia mpira mpigaji mwenye gongo. Mpigaji akiupiga na kufika beisi ya kwanza salama, hilo ni pigo halali. Akizunguka beisi zote akarudi alikoanzia, ni pointi. Mpira ukipitiliza uzio moja kwa moja, hiyo ni homurani: anazunguka kwa raha zake, hakuna wa kumzuia. Akihesabiwa straiki tatu, yaani mipira aliyoikosa au aliyoiacha ipite kwenye shabaha, ametoka. Wakitoka watatu, timu zinabadilishana. Awamu ni tisa. Kwa jioni moja inatosha.

Homurani moja na homurani tatu

Hank Aaron alimaliza msimu wa 1973 akiwa na homurani 713. Rekodi ya Babe Ruth, ambayo haikuwa imeguswa tangu 1935, ilikuwa 714. Kwa hiyo majira yote ya baridi Marekani ilijua kitakachotokea msimu ukifunguliwa. Kilichobaki kujulikana ni siku na uwanja.

Si kila mtu aliifurahia hesabu hiyo. Aaron alikuwa mtu mweusi, mzaliwa wa Mobile, Alabama, aliyewahi kucheza kwenye timu za weusi peke yao kabla ya kuchukuliwa na ligi kuu. Sasa alikuwa anaifukuzia rekodi ya kipenzi cha wazungu, tena akiichezea Atlanta, mji wa Kusini. Barua zilimiminika kwa malaki. Nyingi zilimtia moyo, lakini ndani yake zilikuwamo za matusi na za kutishia kumuua. Binti yake aliyekuwa chuoni alitishiwa kutekwa, FBI wakaingilia.

Aprili 4, 1974, Cincinnati, siku ya ufunguzi. Mara ya kwanza kabisa kulizungusha gongo msimu ule, mpira wa Jack Billingham ukavuka uzio. 714. Siku nne baadaye, nyumbani Atlanta, mbele ya watu 53,775, awamu ya nne, mrushaji Al Downing wa Los Angeles Dodgers akamtupia mpira, na Aaron akaupeleka kushoto. (Kitu kidogo ninachokipenda: wote wawili, mrushaji na mpigaji, walivaa jezi namba 44.) Mlinzi wa kushoto wa Dodgers, Bill Buckner, aliukwea ukuta akitafuta pa kuufikia, asiupate. Mpira ukaangukia kwenye eneo wanakopashia warushaji wa Atlanta, na Tom House, mwenzake Aaron, akaudaka.

Sasa tazama kinachofuata, maana hapo ndipo ninapotaka mpwa wangu aangalie. Aaron anazunguka beisi, hakimbii sana, kichwa ameinamisha kidogo. Kati ya beisi ya pili na ya tatu vijana wawili wa kizungu wa miaka 17 wanachomoka kutoka jukwaani, wanamfikia, wanampigapiga mgongoni. Leo tunatabasamu. Lakini jukwaani alikuwapo askari aliyepewa kazi ya kumlinda, bastola yake ndani ya mkoba wa darubini, na alikuwa na sekunde chache za kuamua wale ni mashabiki au ni waandishi wa zile barua. Hakuitoa. Aaron alipofika alikoanzia mama yake alimkumbatia kwa nguvu ambazo mwenyewe alikiri baadaye kwamba hakujua mama anazo. Mtangazaji wa Dodgers, Vin Scully, alinyamaza muda mrefu akaacha uwanja useme wenyewe, kisha akatamka lililokuwa wazi kwa kila mtu: mtu mweusi anapigiwa makofi na umati uliosimama, ndani kabisa ya Kusini, kwa kuivunja rekodi ya mwanamume ambaye nchi ilimfanya sanamu.

Upande wa pili wa mizani nimemweka mtu ambaye pengine hujawahi kumsikia. Karl Rhodes, aliyeitwa Tuffy, Chicago Cubs. Aprili 4, 1994, miaka 20 kamili baada ya ile homurani ya Cincinnati. Siku ya ufunguzi, uwanja wa Wrigley Field, Hillary Clinton amerusha mpira wa heshima. Mrushaji wa New York Mets ni Dwight Gooden, jina kubwa. Rhodes anaingia kupiga: homurani. Anarudi: homurani. Anarudi tena: homurani. Kabla ya siku ile, katika maisha yake yote ya ligi kuu, alikuwa nazo tano tu.

Wahenga walituambia nyota njema huonekana asubuhi. Hii ilionekana asubuhi na kuzimika kabla ya chai. Kwanza, Cubs walifungwa mechi ileile, 12-8. Pili, wakapoteza mechi zao 12 za kwanza nyumbani. Rhodes mwenyewe aliumaliza msimu na homurani nane, zikiwamo zile tatu, na mwaka uliofuata ligi ikamtema.

Kwa kazi ya gongo peke yake, Rhodes anamshinda Aaron tatu kwa moja. Kwa nini basi simwambii mpwa wangu aanze naye? Kwa sababu homurani za Rhodes hazikuwa na mtu anayezisubiri. Utamu wake unakuja ukiujua msimu wote, na ukijua kilichofuata: alikwenda Japani, akapiga homurani 55 mwaka 2001, sawa na rekodi ya Sadaharu Oh, na alipostaafu alikuwa amepiga 464 kwenye ligi ya huko. Nyota ilikuwapo kweli, ila ilikuwa juu ya nchi nyingine. Hadithi hiyo mpe mtu aliyekwisha kunogewa.

Vijana wawili wenye mpira mkononi

Aprili 16, 1940, Chicago, baridi ya kukausha vidole. Bob Feller wa Cleveland, mtoto wa mkulima kutoka Van Meter, Iowa, miaka 21, alirusha awamu tisa bila White Sox, timu ya mji huo, kupata hata pigo moja halali. Cleveland walishinda 1-0. Hadi leo hakuna mrushaji mwingine aliyefanya hivyo peke yake, mwanzo hadi mwisho, siku ya ufunguzi.

Wapenda hesabu wana kichekesho chao hapa. Wapigaji wote wa White Sox waliingia uwanjani na wastani wa mapigo wa sifuri, kwa kuwa msimu ulikuwa haujaanza, na wote wakatoka na sifuri ileile. Hilo haliwezekani siku nyingine yoyote ya mwaka. Hata hivyo mechi haikuwa safi kama karatasi. Feller aliwapa watu watano beisi ya bure kwa kurusha nje ya shabaha, na mpigaji wa mwisho aliupiga mpira wa chini mkali ambao Ray Mack, mlinzi wa beisi ya pili, ilibidi ajirushe ili kuuzima.

Familia yake ilikuwa jukwaani. Ninalitaja kwa sababu mwaka mmoja nyuma, katika uwanja huohuo, tena Siku ya Mama, mpira uliopigwa upande kutoka kwa mrusho wa Feller mwenyewe ulimgonga mama yake usoni, akashonwa. Feller alimaliza mechi na kushinda, kisha akakimbilia hospitali. Mama akarudi tena jukwaani. Akina mama wa wachezaji wanastahili kipande chao peke yao, si leo.

Fernando Valenzuela ni jambo jingine kabisa. Aprili 9, 1981, Dodgers walipangiwa kufungua na Jerry Reuss, naye akaumia shavu la mguu siku moja kabla. Wakamgeukia kijana wa miaka 20 kutoka Etchohuaquila, kijiji cha Sonora, Mexico, ambaye hakuwahi kuanzisha mechi hata moja ya ligi kuu. Kiingereza hana, tumbo linamtangulia kidogo, na katikati ya kurusha anainua macho mbinguni kama anayehesabu ndege. Houston Astros walipata mapigo matano, pointi sifuri. 2-0.

Mechi hiyo, ukiitazama peke yake, ni ndogo kuliko ya Feller. Ila ya Feller ilikwisha siku ileile. Ya Fernando ilikuwa mlango wa mafuriko. Alishinda mechi zake nane za kwanza, tano kati ya hizo bila kuruhusu pointi hata moja. Familia za Kimexico za Los Angeles, ambazo nyingi zilikuwa na kinyongo na uwanja ule, zikaanza kujaa. Na kinyongo kilikuwa na sababu. Bonde la Chavez Ravine lilikuwa makazi yao. Katika miaka ya 1950 jiji liliwaondoa kwa ahadi ya nyumba za umma ambazo hazikujengwa, na mwaka 1959 familia za mwisho zilitolewa kwa nguvu na askari, mbele ya kamera. Msomaji wa Dar au Nairobi hahitaji kufafanuliwa bomoabomoa ni nini. Juu ya ardhi hiyo ukajengwa uwanja uliofunguliwa 1962, na miaka 19 baadaye akatokea kijana anayezungumza lugha yao, anayeonekana kama binamu yao, akisimama katikati yake.

Ukipenda kitu kilichokamilika, kama shairi lenye vina vyote, mchukue Feller. Ukipenda kuona mji unavyobadilika, Fernando. Mimi ningeenda na Fernando bila kusita, ila si kwa jioni moja, kwa sababu ile mechi ya kwanza bila zile saba zinazofuata ni kama kusoma barua ukaishia kwenye salamu.

Robinson na Robinson

Hapa najua nitagombana na watu. Ukimuuliza Mmarekani yeyote aanzie wapi, atakwambia Aprili 15, 1947, Ebbets Field, Brooklyn, walikokuwa Dodgers kabla ya kuhamia Los Angeles: Jackie Robinson, miaka 28, anaingia kucheza beisi ya kwanza, mtu mweusi wa kwanza kwenye ligi kuu baada ya zaidi ya miaka 60 ya kufungiwa nje. Siku kubwa kuliko zote nilizozitaja, na sibishani na hilo.

Ninachobishania ni kuanzia nayo. Soma karatasi ya mechi yenyewe. Robinson hakupata pigo halali hata moja. Viti vilibaki, watazamaji walikuwa zaidi ya elfu 25. Hata kocha mkuu hakuwapo: Leo Durocher alikuwa amefungiwa msimu mzima siku chache kabla, na Clyde Sukeforth akashikilia nafasi. Jambo la maana alilolifanya Robinson kwa mguu wake lilikuwa awamu ya saba. Aliugusa mpira kwa gongo ukaanguka karibu, akakimbia. Mlinzi wa Boston alipourusha kwenda beisi ya kwanza ukamgonga begani na kutoroka, naye akafika beisi ya pili. Pete Reiser akapiga, Robinson akarudi alikoanzia na pointi iliyowapeleka Dodgers mbele. Wakashinda 5-3.

Mtu asiyejua mchezo ataona nini hapo? Mtu anakimbia, mpira unampata begani. Ukubwa wa siku ile hauko kwenye mpira. Uko kwenye kilichoizunguka, miaka ile yote kabla na baada, na unahitaji kuletwa pale taratibu. Ndiyo maana namtanguliza Aaron: ukishaona usiku wa 1974, zile barua na ile bastola, utaelewa mwenyewe 1947 ilikuwaje bila mtu kukuhubiria. Kisha, Aprili 15 ikifika, ukiwasha televisheni usishangae kuona wachezaji wote wamevaa namba 42, ya Jackie. Namba hiyo ilistaafishwa kwenye timu zote mwaka 1997, na tangu 2009 kila mtu anaivaa kwa siku hiyo moja. Kwa anayeanza ni mateso: hujui nani ni nani.

Wa pili ni Frank Robinson, hawana undugu. Jackie alisema hadharani, Oktoba 1972, kwamba angetamani kumwona mtu mweusi akiwa kocha mkuu. Siku tisa baadaye alifariki. Aprili 8, 1975, Cleveland walifungua msimu na Frank Robinson, kocha mkuu wa kwanza mweusi, ambaye pia alikuwa bado mchezaji. Rachel, mjane wa Jackie, alirusha mpira wa heshima. Frank akajipanga mwenyewe kwenye orodha ya wapigaji, na mara yake ya kwanza kuingia akampiga Doc Medich wa New York Yankees homurani. Watu 56,715. Cleveland 5, Yankees 3. Ukiwa mtunzi wa tamthilia ukaandika hivyo, mhariri atakurudishia akisema umezidisha.

Lakini Frank huyohuyo ana Aprili ya pili, na hiyo ndiyo ninayoipenda mimi, kwa sababu niliwahi kuishi Baltimore na kinyozi wangu kule hakuweza kunipunguza nywele bila kuigusia. Mwaka 1988 Baltimore Orioles walianza kwa kufungwa 12-0 nyumbani. Wakafungwa tena. Baada ya mechi sita, zote wamefungwa, kocha Cal Ripken Sr. akafukuzwa, huku wanawe wawili wakiwa wachezaji wa timu hiyohiyo. Akaletwa Frank Robinson. Wakaendelea kufungwa. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Walifika 21 kabla ya kushinda Aprili 29, Chicago, 9-0. Hakuna timu ya ligi kuu hadi leo iliyowahi kuanza vibaya hivyo ndani ya mechi 21.

Waliporudi nyumbani Mei 2, rekodi yao ikiwa ushindi mmoja na vipigo 23, waliwakuta watu 50,402 wanawasubiri. Wakashinda. Kinyozi alidai alikuwapo. Nimekutana na watu wengi wa Baltimore wanaodai walikuwapo, na nikiwajumlisha uwanja haungetosha.

Na wa kwetu

Kwa ufupi, maana tukio lenyewe ni la dakika chache. Aprili 26, 2017, Pittsburgh: Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia katikati ya mechi dhidi ya Chicago Cubs na kuwa mtu wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Afrika kucheza ligi kuu ya besiboli. Alilelewa Randburg, kwenye jengo la klabu ya besiboli ambako mama yake alifanya kazi na kupewa chumba. Mama alifariki 2013, hakuiona siku hiyo. Mrushaji alikuwa Jon Lester, bingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia. Ngoepe akampiga pigo halali mara ya kwanza kabisa. Hakudumu kwenye ligi, na kwa vijana wa Lugazi, Uganda, ambao mwaka 2012 walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport baada ya wenzao wa 2011 kunyimwa viza, nadhani hilo si neno.

Ukimweka karibu na Rhodes, pigo moja na homurani tatu, utaona tena kwamba idadi haikusaidii kuchagua.

Basi nilimwandikia hivi. Ukiwa na dakika kumi, Aaron. Ukiwa na jioni yote, Aaron halafu Jackie, kwa mpangilio huo, na katikati unywe chai. Ukipata wikendi, ongeza Fernando, mechi zote nane. Feller mwachie mfanyakazi mwenzako anayependa namba, mtaelewana haraka. Rhodes msubirishe hadi Agosti, ukishachoka. Ngoepe mpigie babu simu umsimulie kwa Kiswahili.

Jibu lilikuja usiku wa manane wa kwetu. "Mjomba, Aaron nimemwona mara mbili. Ila nimeshapata timu. Hao waliofungwa 21. Bado wapo?"